Vijana wanaojiona hawana thamani: masomo 6 ya utambulisho katika Kristo yapangwe vipi?

Mlezi_Newala aliuliza:

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Naandaa masomo 6 kwa vijana wa kanisa hapa Newala, Jumamosi saa 10 alasiri, dakika 90 kila kipindi. Vijana ni 14, umri miaka 16 hadi 23. Wamo waliopata divisheni ziro Kidato cha Nne, wamo wasichana waliozalia nyumbani, wamo waliolelewa na bibi bila kumjua baba, na wawili hawajabatizwa bado. Maneno yao ni yale yale: "mimi sina maana", "mimi ni mzigo". Msimu wa korosho ukiwa mzuri wanachangamka, fedha ikiisha wanarudi pale pale.

Naomba msaada kwa mambo manne. Nianze na andiko gani? Zoezi gani la kuandika linafaa? Ule ukiri wa kila asubuhi mbele ya kioo ("mimi ni mshindi, mimi ni kichwa si mkia") unajenga au unabomoa? Na nitajuaje kwamba hali ya kijana imezidi somo?

---

Katekista_Masasi alijibu:

Amina, Mlezi. Nitajibu la andiko na la zoezi, mengine wenzangu watajazia.

Wengi huanza na Mwanzo 1:27, mtu kuumbwa kwa mfano wa Mungu. Ni kweli na ni msingi, lakini kijana aliyevunjika hulisikia kama habari ya watu wote, lisilomgusa yeye. Anza na Mathayo 3:13 hadi 4:11, usome kwa mfululizo bila kusimama pale sura inapokatika. Kisha waulize: sauti ya mbinguni iliposema "Huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu, ninayependezwa naye", Yesu alikuwa amefanya muujiza gani? Amehubiri wapi? Ana wanafunzi wangapi? Katika Mathayo jibu ni sifuri kwa yote matatu. Waache wakae na hiyo sifuri, maana wao wameipata kwenye karatasi ya matokeo na wanadhani ndiyo mwisho wa habari.

Halafu waoneshe jaribu linavyoanza. Mara mbili, 4:3 na 4:6, mjaribu anasema "Ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu". Neno "mpendwa" ameliangusha. Anataka uwana uthibitishwe kwa kazi: geuza mawe, jirushe chini. Mpangilio ni huu: kwanza kuitwa, kisha kujaribiwa, ndipo kazi. Vijana wetu wamefundishwa kinyume chake, kwanza kazi, kisha labda utaitwa. Ukifanikiwa kugeuza mpangilio huo tu katika kipindi cha kwanza, usiongeze kitu kingine.

Zoezi la kuandika lifanye kipindi cha pili. Kila mmoja apewe karatasi moja, aikunje iwe na safu tatu. Safu ya kwanza aandike neno aliloambiwa au analojiambia, kama lilivyotamkwa. Hapa ndipo zoezi huharibika: wengi wataandika "watu wananidharau". Usikubali. Hilo ni maelezo ya jumla, wala huwezi kulijibu. Nani alisema, na alisemaje? "Wewe mtoto wa nje." "Umeharibika, nani atakuoa." "Nyie watu wa kusini kazi yenu kulinda mageti." Maneno matatu yanatosha, kumi ni mengi. Safu ya pili aandike lilianzia wapi: mzazi, mwalimu, mpenzi, matokeo, au yeye mwenyewe. Safu ya tatu ibaki tupu wiki nzima. Ukibandika aya siku hiyo hiyo, inakuwa plasta juu ya kidonda kisichooshwa.

Karatasi hazisomwi mbele ya watu, wala wewe huzikusanyi. Sema hivyo tangu mwanzo, la sivyo utapata uongo ulioandikwa kwa mwandiko mzuri.

Wiki inayofuata, kabla ya kujaza safu ya tatu, kila neno lipimwe ni la aina gani, maana yapo matatu na dawa zake hazifanani. Kuna tukio lililogeuzwa jina: "umefeli" ni tukio la mtihani, "wewe ni ziro" ni jina. Tukio linakubaliwa, jina linakataliwa. Kuna uongo mtupu, kama "mtoto wa nje hana haki mezani". Na kuna shutuma ya kweli: kijana ameiba, amemtelekeza msichana aliyempa mimba. Huyu wa mwisho usimwambie "wewe ni wa thamani" ukaishia hapo. Utakuwa umemnyang'anya toba, na moyoni atajua umemdanganya. Mpe 1 Yohana 1:9, mpeleke akatengeneze na aliyemkosea, ndipo neno la uwana litamwingia.

Baada ya hapo aya ilingane na shutuma. Kwa asiyemjua baba: Zaburi 27:10 na Waefeso 1:5. Kwa anayedharauliwa kwa ajili ya anakotoka: Yohana 1:46, "Laweza neno jema kutoka Nazareti?" Kwa anayeambiwa hana maana kwa kuwa hana ndoa au mtoto: Isaya 56:4-5, ambapo Mungu anaahidi jina "lililo jema kuliko kuwa na wana na binti". Aya hii haihubiriwi mara nyingi na ni hazina. Kwa anayejiona amechafuka kwa dhambi yake mwenyewe: 1 Wakorintho 6:11, "lakini mlioshwa, lakini mlitakaswa, lakini mlihesabiwa haki". Waambie wapige mstari chini ya "lakini" zote tatu.

Angalizo moja zito kuhusu wasichana waliozaa. Usiwape wote aya moja. Kama mimba ilitokana na kubakwa au kulazimishwa, hana toba ya kufanya kwa hilo, na kumpa aya ya kuoshwa ni kumtwika kosa la mtu mwingine. Wake ni Zaburi 34:18, Bwana yu karibu nao waliovunjika moyo. Na akiwa tayari, asindikizwe na mwanamke anayemwamini hadi Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Mambo hayo hayasuluhishwi kwa kikao cha wazee chini ya mwembe.

---

Mwalimu_wa_Lindi alijibu:

Nachukua swali la kioo. Ukiri wenyewe si mbaya, Zaburi zimejaa mtu anayejisemesha. Tatizo ni sentensi inaanza na nani.

Chukua Waefeso 1:3-14 katika Biblia ya Union, ile ya 1952, na uwape vijana penseli. Wazungushie duara kila kitenzi kinachotuhusu, kisha waseme mtendaji ni nani. Watakuta "aliyetubariki", "alivyotuchagua", "alitangulia kutuchagua". Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko lugha nyingi: katika a-li-tu-chagua, mtendaji ni yule "a" wa mwanzo, na sisi ni "tu" mdogo aliyekaa ndani ya kitenzi. Kila aliyepita darasa la saba amefundishwa kiambishi cha mtendwa, sasa aone kinavyobeba imani yake. Hatuko mbele ya sentensi, wala hatuko nje yake. Tumeshikwa katikati. Na kwenye mstari wa 13, "kutiwa muhuri", ile "-w-" inasema hukujitia mwenyewe.

Sasa linganisha na "mimi ni mshindi, mimi ni tajiri". Anayeanza ni mimi, na anayepaswa kuufanya kuwa kweli ni mimi. Siku kilo zikipungua ghalani, au bei mnadani ikianguka, ukiri huo unageuka shtaka: kumbe imani yangu ilikuwa ndogo. Ndiyo maana vijana wako wanapanda na kushuka na msimu. Korosho hupangwa madaraja kwa sababu ni korosho. Mtu akikubali kupangwa hivyo, atajiona wa daraja la pili hata akiwa amekaa kanisani.

Kwa hiyo badilisheni maneno, msiondoe desturi. Asubuhi, kabla ya kufungua simu na kuona statasi za watu, dakika 10 zinatosha. Soma aya moja mara tatu, mara ya pili kwa sauti. Iandike kwa mkono kwenye daftari, mstari mmoja tu. Kisha igeuze iwe sala inayomwelekea Mungu: si "nimechaguliwa" bali "Bwana, ulinichagua". Herufi zimebadilika chache, lakini sasa kuna mtu wa pili chumbani. Kaa na aya hiyo hiyo siku 7. Wanaobadilisha kila siku hukusanya aya nyingi na hakuna inayoshuka.

Mchana shutuma ikirudi, tumia mtindo wa Zaburi 42:5. Mwimbaji anaiuliza nafsi yake: "kwa nini kuinama, na kufadhaika ndani yangu?" Anauliza kwanza, hakemei. Anaisikiliza, ndipo anaiambia imtumaini Mungu. Na ona kwamba mstari wa 11 anarudia maneno yale yale, na Zaburi 43:5 tena. Mara tatu. Kijana akikwambia "nilisali jana na leo hisia zimerudi", mwoneshe hizo tatu. Kurudi kwa hisia hakumaanishi neno limeshindwa.

---

Historia_Kusini alijibu:

Mlezi, usitafute mifano mbali wakati ardhi unayoikanyaga ina yake. Masasi hapo jirani yenu, misheni ilianzishwa 1876 na watu waliokombolewa utumwani, waliotoka Unguja pamoja na Askofu Edward Steere. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa 1873. Hawa ni watu waliokuwa wamehesabiwa kwa bei, na wengi waliokuwa wakiuzwa pale walipitishwa pwani yetu hii, Kilwa Kivinje ikiwa mlango mkuu. Wakarudi bara kujenga kijiji na kanisa wakiwa ndugu wa waumini wengine, si mali.

Somo la nne lifanye kwa barua ya Filemoni. Ni sura moja, aya 25, inasomwa yote kwa dakika chache. Jina Onesimo, yule mtumwa ambaye Paulo anamwombea kwa bwana wake Filemoni, maana yake ni "mwenye kufaa", na Paulo anacheza nalo mstari wa 11: zamani hakukufaa, sasa akufaa sana. Lakini kilele ni mstari wa 16: "tokea sasa, si kama mtumwa, bali zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa". Angalia, Paulo hakumwishia kwenye kufaa. Kufaa ni thamani ya chombo. Ndugu anabaki ndugu hata akiugua na asiweze kazi.

Jambo la pili ni jina. Kwa Wamakonde na Wayao wanaoishika desturi, kijana akitoka jandoni anapewa jina jipya, na kumwita kwa jina la utotoni ni kumtukana. Vijana wako wanalielewa hilo bila kufafanuliwa. Askofu Vincent Lucas, aliyeongoza Dayosisi ya Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, aliona nguvu iliyomo humo, na badala ya kupiga jando marufuku aliliingiza ndani ya sala za kanisa. Tumia mlango huo huo: anayejiita "ziro" baada ya ubatizo anajiita kwa jina la utotoni, na anayetukanwa ni aliyempa jina jipya. Tofauti nayo itajwe wazi. Jandoni anayetokwa damu ni mwali mwenyewe. Kwenye ubatizo aliyejeruhiwa ni mwingine.

Zoezi lake: mwombe mchungaji, padri au katibu wa kanisa afungue daftari la ubatizo. Kila kijana anakili mstari wake mwenyewe: tarehe, jina, wazazi, wasimamizi, aliyembatiza. Omba wiki 3 kabla, kwa sababu waliobatizwa vigango vingine kumbukumbu zao ziko huko. Aliyebatizwa mchanga usimwache aone ubatizo wake ni pungufu. Mwambie: siku ile hukuwa na cheti, hukuwa na mtaji, hukuweza hata kushika shingo yako, na ulipokelewa.

Na usiruhusu somo ligeuke kudharau koo zao. Ufunuo 7:9 unaona mbele ya kiti cha enzi watu wa kila taifa na kabila na lugha. Kristo hamfanyi Mmakonde kuwa mtu asiye na kwao. Jina la Wamachinga, watu wa Lindi, limegeuzwa kuwa jina la kila mchuuzi wa barabarani nchi nzima. Kijana mwenye jina hilo anaweza kulibeba mbele za Mungu bila kuliona haya.

---

Muuguzi_Mtwara alijibu:

Swali la nne, na naomba lisisomwe haraka.

Huzuni ya kawaida huja na kuondoka, kijana bado anacheka kwenye jambo alipendalo. Huzuni ikifika wiki 2 mfululizo, karibu kila siku, hana raha na kitu chochote alichokipenda, usingizi umekatika au umezidi, hali chakula, hana nguvu, anajilaumu kupita kiasi, hapo somo pekee halitoshi. Si upungufu wa imani. Mpeleke kituo cha afya, au hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi, uulizie huduma ya afya ya akili. Akiandikiwa dawa asiziache kwa sababu ameombewa. Zikimsumbua arudi kwa aliyemwandikia.

Akisema "bora nisingekuwepo", au akianza kugawa vitu vyake na kuaga aga, muulize moja kwa moja, faraghani, kwa upole: je, umefikiria kujiua? Kuuliza hakumtii wazo kichwani, kunampa mahali pa kulisemea. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata kwa usiku mmoja, familia iondoe viuatilifu vya mikorosho na dawa nyingine ndani ya nyumba zikafungiwe kwa mtu mwingine, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Usimwahidi siri kwa jambo hili. Mwambie mapema kwamba uhai wake hutaufichia siri.

Kwa Maandiko, 1 Wafalme 19 inatosha. Eliya anaomba afe. Malaika hamhubirii. Anampa mkate na maji, analala, anaamshwa ale tena, na anaambiwa safari ni kubwa mno kwake. Mazungumzo na Mungu yanakuja baadaye, Horebu. Mpangilio huo ni wa kufuatwa. Na Zaburi 88 inaisha gizani bila neno la furaha, tena imo ndani ya Biblia. Kijana asiyeweza kuimba sifa leo bado ana sala ya kusali.

---

Mlezi_Newala:

Mungu awabariki sana, nimenakili yote. Maswali mawili yamebaki. Wapo wawili ambao nikiwaambia ni wana wa Mungu watavimba kichwa, tayari wanawadharau wenzao. Na wale ambao hawajabatizwa, siku ya daftari watafanya nini wakati wenzao wananakili?

---

Katekista_Masasi alijibu:

Kwa wanaovimba, dawa si kupunguza neno la uwana. Anayedharau wenzake bado hajaliamini, ndiyo maana anahitaji mtu wa kukaa chini yake. Somo la tano lipe Warumi 12:3-8. Mstari wa 3 unakataza kunia makuu kupita ilivyompasa mtu na kuagiza nia ya kiasi, na mara baada ya hapo Paulo anaingia kwenye viungo vya mwili na karama. Kiasi si kujishusha, ni kujua wewe ni kiungo kipi. Kisha wape wote kazi ndogo zinazozunguka kila wiki 4: kufagia kanisa, kuteka maji, kusoma somo, kumtembelea mgonjwa mmoja. Zizunguke kweli, pamoja na uongozi wa kwaya. Kijana aliyejenga thamani yake juu ya kipaza sauti utamjua siku atakapopewa ufagio. Hapo usimkemee. Kaa naye, mrudi pamoja Mathayo 3:17, maana amekuonesha jina lake la zamani liko wapi.

Kuhusu wale wawili, wasikae pembeni kutazama. Siku hiyo wape Isaya 43:1, "nimekuita kwa jina lako", waeleze kwamba aliyeambiwa kwanza ni Israeli wakiwa uhamishoni, watu waliodhani wamesahauliwa. Kisha waandike jina walilopewa na wazazi wao, nani aliwapa na kwa nini. Kama hawajui, waende nyumbani wakaulize, waje na jibu Jumamosi ya sita. Wakiomba ubatizo, wafuate mafundisho ya kanisa lako kwa muda wake kamili, na wazazi wasikie habari hiyo kutoka kwao wenyewe kwanza, wasiisikie sokoni.

---

Historia_Kusini:

Naongezea kwa hapo: waliobatizwa nao waulize nyumbani kuhusu majina yao. Kipindi cha sita kiwe cha hayo majina yote 14, kila mmoja dakika 5, jumla dakika 70. Zile 20 zinazobaki ni za kuombeana, kila mmoja akitajwa kwa jina lake kamili. Andaa orodha mapema, asirukwe hata mmoja.

---

Mlezi_Newala:

Nimeelewa. Kesho naenda kwa katibu wa kanisa kuomba daftari.